Mize Huja Saa ya Filamu

Jumatatu, 3 Desemba

Nimekata sketi tangu asubuhi. Kitambaa cha buluu kinachuja, vidole vyangu vimekuwa kama vya maiti. Skuli zinafunguliwa Januari na kila mama wa Konde amekumbuka leo kwamba mtoto wake amerefuka.

Saa tisa niliwasha televisheni. Zimeanza. Kila Desemba ile stesheni ya filamu huzileta, moja kila siku, saa ambayo watu wameshakula na jua bado kali. Msichana wa mjini, koti jekundu. Anarudi kijijini kwao kwa Krismasi. Kuna theluji, kuna duka la mikate linataka kufungwa, kuna mwanamme mwenye shati la miraba anayepasua kuni. Wanagombana, wanaangukiana, wanapatana. Mwisho wanabusiana mara moja, taa zinawaka, basi. Kiingereza changu cha darasa la kumi kinanitosha kwa nusu ya maneno. Nusu nyengine haina haja.

Nazipenda. Nazipenda kwa sababu najua zitakwishaje.

Desemba ya kwanza bila Mize. Nilikaa upande wangu wa mkeka. Upande wake sikuukalia.

Mke mwenzangu. Naandika kana kwamba kitabu hiki hakimjui. Kombo alimuoa kwa sababu mimi sizai, akamjengea nyumba mbele ya yangu, uwanja mmoja. Ili kunipoza akaninunulia mimi dishi. Mwaka mzima sikumtazama usoni. Kisha Desemba moja akasimama mlangoni kwangu, mwanawe Raya mgongoni, akauliza, "Dada, huyu naye kagombana na nani?" Akaingia. Hakutoka tena mpaka Oktoba hii, walipompakia kwenye gari kumpeleka hospitali Wete, miguu imevimba, mimba ya miezi saba. Hawakurudi wawili, yeye wala wa tumboni.

Raya alikaa nyuma yangu mpaka filamu ikaisha. Ana miaka minane. Sasa analala kwangu.


Jumatano, 5 Desemba

Leo koti jekundu ni daktari wa wanyama. Shati la miraba ana mtoto wa kike na mke wake amekufa. Wengi wao wamefiwa. Mke huwa yuko ukutani, ndani ya fremu, anacheka. Mize alikuwa akisema, "Mama mtu keshakufa zamani, kazi yake kucheka tu." Tulikuwa tukivunjika mbavu.

Leo ile picha ilipotokea niliinamia cherehani.

Mize hana picha ukutani. Iko ya kitambulisho tu. Ndani yake kakunja uso kama anadaiwa.


Alhamisi, 6 Desemba

Umeme hakuna. Nimeshona mitandio. Siku ndefu.


Jumamosi, 8 Desemba

Kuna jambo. Naliandika kabla sijajiambia kwamba halikuwa.

Filamu ya leo ilikuwa ya wachumba wawili. Mwanamme ana mchumba mjini, mwenye viatu virefu, na huku kijijini amempenda mwengine. Hajui afanye nini. Hapo ndipo Mize alipokuwa akisema siku zote, "Aoe wote wawili, sote tukalale." Kisha hucheka, na mwisho wa kicheko chake kikohozi kidogo, kama mtu aliyepaliwa na mate.

Leo mwanamme alishika kichwa. Mimi sikusema kitu. Nyuma yangu mtu akacheka. Na kikohozi.

Nikasema, "Mize."

"Naam," akajibu Raya.

Niligeuka. Alikuwa amekaa upande wa mama yake, magoti kayakunja vilevile, macho kwenye theluji. Sikumuuliza. Vinywele vya mikono yangu vilisimama mpaka Alasiri.


Jumapili, 9 Desemba

Nilijiambia mtoto humuiga mama yake, ni jambo la kawaida. Leo nikawasha tena kuthibitisha.

Harufu kwanza. Mafuta ya nazi aliyokuwa akiyachemsha kwa mrehani. Hakuna chupa yake kwangu. Nyumba yake imefungwa, ufunguo anao Kombo.

Kisha uzito. Mkeka hujua mtu akikaa.

Raya hakugeuka. Alisema taratibu, kama mtu anayekwambia nje kuna mvua, "Mama huja wakati wa filamu tu, Mamkubwa. Wakati mwengine haji."

Nilisoma Ayatul Kursi yote, moyoni, bila kukosea. Hakuondoka. Nikatulia. Shetani angekimbia.


Jumanne, 11 Desemba

Kila siku saa tisa.

Simuoni. Najua tu kwamba nikigeuka haraka sitamkuta, kwa hiyo sigeuki. Adhana ya Alasiri ikitukuta katikati ya filamu naondoka kusali, na ninaporudi najua kilichotokea. Zamani ndivyo tulivyokuwa tukifanya, mmoja anasali, mwengine anabaki kutazama ili aje asimulie. Leo nilirudi nikajua wamegombana kwa sababu ya barua pepe ya tajiri wake. Nani aliniambia. Raya alikuwa amelala.

Kazi yangu imelala pia. Mama Salma kaja mara mbili kuulizia sketi. Nimemdanganya kwamba zipu zimekwisha dukani.

Leo nilifurahi. Theluji inaanguka, mtoto kalala na kichwa chake pajani kwangu, mwenzangu ubavuni. Nikaiogopa furaha yangu. Sikuwahi kuwa na mtoto pajani. Nimempata kwa njia hii. Mtu anayefurahia kitu alichokipata kwa njia hii ni mtu wa namna gani.


Jumatano, 12 Desemba

Maalim wa chuoni, anakosoma Raya Kurani, kamwita Kombo. Watoto waliambiwa wachore msikiti. Raya kachora msikiti na pembeni yake mti wenye nyota na taa. Maalim alipomuuliza alisema ndio mti wanapokutana watu wakipatana.

Kombo alirudi kutoka chuoni bila kupita dukani. Si mtu wa maneno. Anauza misumari na saruji siku nzima, maneno yake yote yana uzito wa kilo. Alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, akasema watu wa soko la Konde wameanza kumuuliza kama nyumba yake imebatizwa. Nilimjibu filamu hizi zina haya kuliko tamthilia zote anazotazama nduguye, busu moja tu na mtu anaweza kuangalia kando. Akaniangalia mimi.

Hakunikataza. Angenikataza ningejua la kufanya.


Ijumaa, 14 Desemba

Bi Time amekuja kutoka Kiuyu, baada ya sala ya Ijumaa. Mama yake Mize. Mdogo wa umbo, nyusi zimekwisha, mgongo bado umenyooka. Nilimshika mkono nikamwamkia. Aliitika akitazama nyuma ya bega langu, ndani ya nyumba, kama mtu anayetafuta kitu alichokiazimisha.

Nilipika wali na mchuzi wa changu. Hakula ila kwa ncha za vidole. Alimweka Raya mbele yake akamfumua nywele, akamsuka upya. Nilizisuka mimi jana.

Katikati ya kusukwa, Raya alimwambia. Mbele yangu, sauti ya kawaida kabisa. Mama huja hapa. Hukaa pale. Hucheka.

Mikono ya Bi Time ilisimama kwenye nywele. Nilidhani atapiga kelele, atasoma, atanitukana. Alimaliza ule msuko, akaufunga uzi. Kisha akaniuliza mimi, "Kweli?"

Nilisema kweli.

Alinyanyuka akavaa buibui lake. Hakuaga. Gari lilipoondoka niliona ametazama nyumba yangu mpaka kona.


Jumamosi, 15 Desemba

Kombo kaitoa kadi kwenye king'amuzi. Kaitia mfukoni mwa shati, akaenda dukani.

Nilimchukia kuanzia saa mbili ya asubuhi mpaka Maghribi.


Jumatatu, 17 Desemba

Saa tisa Raya alikaa mbele ya kioo cheusi. Mimi nyuma yake. Tulijiona wawili ndani yake. Wawili tu.

Nilingoja harufu. Nilinusa mpaka kichwa kikaniuma. Nazi, ndiyo, lakini ya jirani anayekuna kwa ajili ya chakula cha jioni.

Oktoba walinipa khanga yake moja na kusema ndio basi. Leo nimefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna anayekuja kunipa pole.


Jumatano, 19 Desemba

Wamemchukua.

Bi Time kaja na mwanawe Faki, gari la kukodi. Alikaa kwenye kiti, si kwenye mkeka. Alizungumza na Kombo, sio na mimi. Mtoto ni wa mama yake, na mama akifa ni wa mama wa mama yake. Sharia haina shida hapo. Kombo alijibu, "Sawa, mama." Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Katika mstari wa wenye haki ya mtoto huyu mimi simo hata mwisho. Si mama, si bibi, si shangazi. Mke wa baba.

Nilikunja nguo zake. Nilitaka ziwe nyingi ili kukunja kuchukue muda. Hazikuwa nyingi. Sare yake sijaimaliza, unabaki mkanda wa kiuno.

Raya hakulia. Alinishika mkono akaubusu kama alivyofunzwa. Ndani ya gari alikaa upande wa dirisha, akaangalia mbele. Mize alipokwenda Wete na yeye alikaa hivyo.


Ijumaa, 21 Desemba

Zamani Kombo alikuwa na siku kwangu na siku kwa Mize. Tulihesabu, tulinuniana, baadaye tukawa tunabadilishana kwa siri mmoja akiumwa. Sasa zamu zote ni zangu. Sizitaki.

Leo baada ya kula alibaki amekaa. Alizungusha kikombe. Akauliza, hakunitazama, "Alipokuwa akija. Alinitaja?"

Nilifikiri nimdanganye. Angeshukuru. Nikasema hapana, hatukuwa tukimzungumzia yeye, tulikuwa tukitazama filamu.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akatoka uwanjani, akasimama mbele ya mlango wa Mize na ufunguo mkononi. Hakufungua. Alisimama mpaka nikaona aibu kumtazama.

Sikumchukia tena baada ya hapo. Ni vibaya, ilikuwa rahisi zaidi kumchukia.


Jumapili, 23 Desemba

Nimeshona. Mama Salma kachukua sketi zake, kazilalamikia pindo.

Nimemaliza sare ya Raya.


Jumanne, 25 Desemba

Niko nyumbani, nimetoka Kiuyu, miguu ina vumbi bado. Niandike kabla sijapika.

Asubuhi nilimwambia Kombo nakwenda kumpelekea mtoto sare. Aliniwekea nauli juu ya cherehani. Ofisi za serikali zimefungwa kwa sikukuu, mengine yote wazi. Konde ilikuwa Konde. Nilipata gari la abiria lenye magunia ya unga na mama mmoja aliyebeba kuku watatu. Nilijisemea njia nzima nitakachosema. Kilipotea nilipoteremka.

Bi Time alikuwa barazani akimenya muhogo. Aliitika salamu yangu, akaendelea kumenya. Nilimpa ile sare. Aliikunjua, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani, mahali ambapo fundi mvivu huonekana. Akaikunja vizuri. Ndipo akanisogezea mkeka.

Raya alikuwa ndani. Nilimwona kupitia mlangoni, amekaa sakafuni, kautazama ukuta mtupu. Alinigeukia, akaja, akanikalia ubavuni. Amekonda.

"Toka aje ndivyo alivyo," alisema Bi Time. "Ikifika saa tisa hwenda pale, hukaa, hutazama ukuta. Simuoni anachokitazama."

"Hakuna kitu," alisema Raya. "Kuno mama haji. Hakuna filamu."

Bi Time aliweka kisu chini. Nilidhani amekasirika. Alikuwa akitafuta pumzi.

"Mie ndiye niliyemzaa," aliniambia. Sasa alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tuzike. "Mie ndiye niliyemkosha siku ya maziko. Kwangu hajapata kuja. Hata ndotoni. Nalala nikimwita. Nilimchukua huyu nikajua mamake atamfuata mwanawe, hawezi kumwacha. Hakumfuata. Weye mke mwenzake. Kwako alikwendani?"

Kumbe ndilo alilolijia. Sio mti, sio Krismasi, sio maneno ya Maalim. Nilikaa na jambo hilo mapajani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Nilimjibu nilichokijua. "Hakunifuata mimi, mama. Alikuja kutazama. Alikuwa akizipenda sana."

"Basi nielezee."

"Nini?"

"Hizo filamu. Nielezee moja. Nnataka nijue mwanangu alikuwa akipenda nini."

Nikamwelezea. Sijui kwa nini nilichagua ile ya daktari wa wanyama. Nilianza vibaya, kama mtu anayesoma risala. Palikuwa na msichana, anafanya kazi mjini, anarudi kwao, theluji inaanguka.

"Theluji ndiyo nini?"

"Barafu, mama. Huanguka kutoka mbinguni kama sufi inapopasuka, nyeupe, inajaa njiani mpaka magotini."

"Na watu hawafi kwa baridi?"

"Huvaa makoti. Mize akiiona huvuta khanga akajifunika mpaka mabegani. Jua la Desemba nje, yeye kajifunika."

Bi Time alitoa sauti ndogo puani. Sikuwa na hakika ni kicheko mpaka nilipoona meno. "Toka mdogo," alisema. "Ukimwambia habari ya nyoka, huinua miguu."

Baada ya hapo nilisimulia vizuri. Raya alinisahihisha. Mbwa alikuwa mweupe, Mamkubwa, si mwekundu. Yule bibi wa duka alijifanya mgonjwa makusudi ili wakutane. Nilisimulia ugomvi, nilisimulia mti wa uwanjani na kijiji kizima kikisubiri taa. Raya aliiga sauti ya mwanamme akiomba radhi kwa Kiingereza asichokijua, na Bi Time alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, sijui kwa kucheka au vipi.

Kisha nikamfikia yule mtoto wa kike na mama yake aliye ukutani. Nilitaka kumruka. Raya hakukubali. "Na mamake yuko kwenye picha," alisema. "Keshakufa."

Bi Time akauliza, "Kafa nini?"

"Hawasemi, mama."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Halionyeshwi."

"Na hakuna anayemwombea?"

Nilifikiri. Nilizipitia zote, miaka yote, makoti yote mekundu. "Sijapata kumwona," nilisema. "Huitazama ile picha, wanasikitika kidogo, kisha huwasha taa."

Ganda la muhogo mkononi. "Watu hao," alisema, "wana taa nyingi na hawana Fatiha."

Hakuwa akiwakejeli. Alikuwa akiwahurumia. Akaweka ganda chini, akafuta viganja kwenye khanga, akavifungua. Mimi nikafungua vyangu. Raya akafungua vyake. Tukamsomea Mize, na nadhani kila mmoja wetu alimtia na yule mwanamke wa ukutani, maana Bi Time alipomaliza alisema, "Na wote wasiokuwa na mtu." Tukaitika amin.

Wakati tunashusha mikono Bi Time aligeuza kichwa upande wa mlango. Upesi, kama mtu aliyeitwa. Raya pia. Mimi sikusikia kitu. Sikunusa kitu. Niliwatazama wao wawili wakiutazama mlango, shingo zao namna moja, na nikaona nyusi ambazo Bi Time hana tena zilikuwa za namna gani.

Adhana ikaingia.

Baada ya kusali nilimwomba mtoto. Nilimwomba wazi, sikuzunguka. Nilimwambia nitamlea, nitamsomesha, sitafungua filamu tena kama ndilo tatizo. Nilimwambia mimi sina mtu.

"Najua," alisema Bi Time. Aliushika mkono wangu, vidole vyake vina utomvu wa muhogo. "Najua huna. Na mie sina chengine kinachofanana naye. Mtoto atalala kwangu. Atasoma hapa hapa Kiuyu. Weye njoo. Njoo Ijumaa, kila Ijumaa ukitaka, ukae naye, na mie unihadithie hayo makoti. Lakini atalala kwangu."

Nilitaka kulia mbele yake. Nikasema, "Inshallah, mama."

Raya alinisindikiza mpaka kwenye gari. Aliuliza kama zile filamu bado zinaendelea kule kwenye televisheni hata kama hakuna anayezitazama. Nilimwambia ndiyo, zinaendelea. Alionekana kuridhika.


Ijumaa, 28 Desemba

Nimekwenda. Kombo alikuja pamoja nami, na mfuko wa saruji kwa ajili ya sakafu ya Bi Time iliyopasuka. Hakuambiwa na mtu. Aliitandaza mwenyewe, magoti chini, suruali yake nzuri. Bi Time alimletea maji ya kunywa na kumwita mwanangu.

Sikusimulia mimi leo. Raya alisimulia. Bi Time alitaka ile ya wachumba wawili. Raya alipofika pale mwanamme haelewi amchague nani, sote tulijua kilichokuwa kikija, na Kombo hakujua. Raya akasema, "Aoe wote wawili, sote tukalale." Kombo aliinua kichwa kutoka kwenye saruji. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza, na alimjua mwenye maneno.

Mimi sikuhisi kitu ubavuni. Mkeka ulikuwa mwepesi.


Jumatano, 2 Januari

Nimeikuta kadi juu ya king'amuzi. Kombo hakusema. Yuko dukani.

Saa tisa niliwasha. Zimekwisha. Mpishi mwenye kofia ndefu alikuwa akikaanga vitunguu. Nilikaa upande wangu mpaka alipoviunguza. Hakuna aliyekuja na sikuwa nimetegemea, ingawa nilikuwa nimefagia.

Nilifungua dirisha. Nje wameanika karafuu za mwisho za vuli, wanawake wanabishana nani kakanyaga za nani.

Jioni Kombo alifungua nyumba ya Mize. Tumefuta vumbi. Hatukuchukua kitu.


Jumapili, 6 Januari

Kesho skuli. Leo wamekuja kwa mkupuo, mlango haukupumzika. Vifungo, pindo, mtandio mfupi, mtandio mrefu. Baada ya Alasiri pakatulia.

Dereva wa gari la Kiuyu alisimama nje, injini inanguruma, akaniita. Ana ujumbe wa Bi Time. Aliusema kama alivyopewa, neno kwa neno, jicho moja kwenye abiria wake.

"Anasema nikwambie, jana alasiri kaja. Hakukaa sana. Anasema utajua."

Nilimwambia najua.

"Mgeni wenu kutoka Unguja?" aliuliza.

Nilisema ni mtu wa nyumbani. Akaondoka.

Niliingia ndani. Nilikaa kwenye mkeka, katikati, nikalia kidogo. Nusu ilikuwa wivu, siwezi kuandika kwamba haikuwa. Nusu nyengine ilikuwa nyepesi zaidi.

Kisha nikanawa uso. Ilibaki sketi ya mtoto wa jirani, kiuno kikubwa. Nikaipunguza.